Farasi Mfu Ana Wadai Wawili

Farasi akifa uwanjani, kila mtu humkana. Muuzaji husema si wangu tena, mnunuzi husema si wangu bado. Katika miaka yote aliyofanya upelelezi kwenye Shirikisho la Mbio, Inspekta Thérèse Ngoy hakuwahi kumwona mtu anayemng'ang'ania farasi mfu. Jumapili alimwona.

Zilikuwa mbio za madai, katika uwanja wa Groenhout, nje kidogo ya Brussels. Katika mbio za namna hiyo kila farasi huingia akiwa na bei yake, na mtu yeyote mwenye leseni anaweza kutumbukiza dai lake sandukuni kabla lango halijafunguliwa. Wakidai wawili, hupigwa kura. Lango likifunguka, farasi ni mali ya mdai. Zamani sheria iliishia hapo: akivunjika njiani, amekuvunjikia wewe. Sheria mpya ilikuwa na huruma zaidi. Farasi akifa mbioni, dai linafutika na hasara inamrudia muuzaji, isipokuwa mdai mwenyewe atamke kwamba bado anamtaka.

Hakuna aliyewahi kutamka hivyo. Kisha Tambour, farasi wa rangi ya hudhurungi, akavunjika mguu wa kushoto wa mbele kwenye kona ya mwisho, akamrusha mpandaji wake kwenye uzio, na daktari wa uwanja akamchoma sindano ya mwisho palepale kwenye nyasi. Mdai wake, Dady Kyungu, mwenye kampuni ya usafi mjini, aliambiwa kwamba hahusiki tena. Akajibu kwamba anamtaka farasi wake, na kwamba mzoga uchomwe haraka.

"Anayo haki," mkurugenzi alimwambia Ngoy Jumatatu asubuhi, bila kumkaribisha kiti. "Mwili hupasuliwa pale mhusika anapoomba. Muuzaji haombi, mnunuzi haombi. Polisi wameandika ajali. Lori la mizoga linakuja leo jioni. Wewe unataka nini?"

"Nataka kujua mtu anafanya nini na farasi mfu."

"Anamchoma. Ni wake."

"Na damu iliyochukuliwa kupimwa dawa?"

"Majibu yake yatachukua wiki kadhaa. Usinitafutie matata, Ngoy."

Ngoy alikwenda kwanza hospitalini, Woluwe. Mpandaji wa Tambour, Jémima, alikuwa amelazwa chali, shingo imefungwa, mgongo na nyonga vimevunjika. Mama yake, Maman Mignonne, mzaliwa wa Bukavu, alikuwa ameziba mlango kwa mwili wake.

"Weye njo wa mbio?"

"Ndiyo, maman."

"Basi rudia kwenye umetoka. Jana bantu benu banatupigia téléphone, banasema chute simple, kuanguka tu. Angalia mutoto yangu. Ile njo chute simple?"

"Maman, niko natafuta juu ya nini farasi ilivunjika."

"Mulikuwa wapi mbele ivunjike?"

Sauti ndogo ikatoka kitandani. "Maman, muache aingie."

Maman Mignonne alisogea, lakini hakukaa. Alisimama nyuma ya Ngoy muda wote, mikono amekunja.

"Tambour minamujua," Jémima alisema, macho kwenye dari. "Asubuhi anatokaka mu écurie kama muzee, anatembea kidogo kidogo mpaka mwili upate moto. Jana alitoka direct, souple, kama mutoto. Nilifurahi."

"Halafu mu course, mu mbio yenyewe?"

"Alikuwa anakanyaga vibaya. Haikuwa maumivu. Farasi mwenye maumivu anakatalaka, anakuvuta pembeni. Yeye hakukatala. Ilikuwa kama muntu mwenye alilalia muguu. Anasimama, na hajue chini iko wapi."

"Ulimuambia muntu?"

"Ningemuambia nani, tantine? Tulikuwa tunakimbia."

Maman Mignonne akafungua mlango. "Bon. Umesikia. Toka. Na ukirudia huku, ukuje na mwenye kufanya hii, donc usirudie bure."

Ganzi. Neno hilo ndilo Ngoy aliloondoka nalo. Farasi hatoki zizini bila maumivu, na kisha asijue pa kukanyaga, mpaka mtu amemtia dawa ya ganzi karibu na kifundo. Siku ya mbio farasi haguswi na sindano ya aina yoyote. Sheria hiyo hata watoto wa Groenhout waliijua.

Nathalie Verhaegen, aliyemlea Tambour na kumuuza, alikuwa zizini akipanga hatamu. Aliendelea kupanga.

"Nimeshamjibu mkurugenzi wako," alisema.

"Mimi sijakuuliza bado."

"Farasi alitembezwa mbele ya daktari wa uwanja, akapita. Akadaiwa, nikalipwa. Sina tena farasi anayeitwa Tambour."

"Ulimkatia bima?"

"Farasi wa mbio za madai? Kampuni gani ingekubali? Piga simu uulize."

Ngoy alikuwa ameshapiga. Ilikuwa kweli. Njiani alikuwa amejenga hesabu kwamba Nathalie na Kyungu walipanga jambo pamoja, mmoja auze, mwingine azike. Sasa aliijaribu.

"Mnafahamiana na Kyungu tangu lini?"

Nathalie akageuka kwa mara ya kwanza. "Simjui. Nilikuwa nimeshakubali hasara, namwita mtu wa lori mimi mwenyewe, ndipo wakaja kuniambia yule bwana bado anamtaka. Nilidhani hajaelewa. Nikatuma mtu amrudie, amweleze sheria kwa Kifaransa cha polepole."

"Anazungumza Kifaransa kukushinda wewe."

"Basi ni mwendawazimu anayejua Kifaransa."

Mshangao wake haukuwa wa kuigiza. Ngoy akaitupa hesabu yake ya kwanza.

"Nani humtibu farasi wako?"

"Siku ya mbio hakuna sindano. Sheria naijua."

"Sikukuuliza habari ya siku ya mbio."

Mikono ya Nathalie ikasimama juu ya hatamu. Kisha akaitundika ukutani, taratibu, akanyoosha kidole mlangoni.

"Toka kwenye zizi langu."

Mwisho wa safu ileile ya mazizi kulikuwa na vyumba viwili vilivyopangishwa kwa Abdul-Aziz, mfunzaji wa farasi mwenyeji wa Tanga. Ndiye mtu wa pili aliyeweka dai la Tambour, akashindwa katika kura. Alipomwona Ngoy alitema mate pembeni.

"Inspekta. Mwaka jana ulinifungia leseni. Mwaka huu umeniletea nini?"

"Uliweka dai la Tambour."

"Niliweka. Si kosa. Kura ikamwangukia Kyungu, nikaepuka balaa. Finished."

"Ulimkagua kabla?"

"Wiki nzima. Nilijua ana shida miguu ya mbele. Lakini ni shida ya kupumzishwa, siyo ya kumuua. Ningemwacha majanini mpaka majira ya joto. Vet wangu alikuwa amekuja, anasubiri amshike miguu mara tu mbio zikiisha. Everybody alijua."

"Nathalie alijua?"

"Nilimwambia mwenyewe, asubuhi ya Jumapili. Akabadilika uso. Nikadhani anaona uchungu wa kumuuza."

"Na Kyungu alimkagua lini?"

Abdul-Aziz akacheka bila furaha. "Yule? Farasi walipozungushwa mbele ya wanunuzi, yeye alikuwa amewapa mgongo. Mtu akinunua hata kuku sokoni, humwinua akampima uzito. Yeye alikuwa anaangalia parking."

"Kulikuwa na nini parking?"

"Gari nyeupe ya daktari wa Nathalie. Yule binti, Doctor Anaïs. Ilikuwa pale tangu alfajiri." Akamtazama Ngoy vizuri. "Kwani vipi? Unamjua?"

"Asante," Ngoy alisema.

Alimjua. Kliniki yake ya wanyama ilimwita kwa jina la mumewe, ndiyo maana hakuna mtu Groenhout aliyeunganisha. Lakini kwenye kanisa la Wakongomani kule Saint-Josse kila mtu alimwita kwa jina la baba yake: Anaïs wa papa Kyungu.

Ofisi ya Dady Kyungu ilikuwa hatua chache kutoka kituo cha metro cha Schuman, katikati ya majengo ambayo wafanyakazi wake waliyasafisha. Alimpokea Ngoy akiwa amesimama, suti ya kijivu, tabasamu la watu wa kanisa.

"Karibu, maman inspecteur. Ao nikuite Thérèse? Kwa ndoa yako miye njo nilikuwa parrain, nilikusimamia."

"Ndiyo, papa. Sikusahau."

"Alors, sema."

"Papa, juu ya nini unataka farasi yenye ilikufa?"

"Juu ni yangu."

"Sheria, loi yenyewe, inakuachilia."

"Minajua loi. Inaniachilia, hainikataze." Tabasamu bado lilikuwepo. "Kupenda farasi ni kosa mu hii inchi?"

"Haukuiangalia hata mara moja, papa. Wakati banaizungusha, uliipatia mugongo."

"Nani anasema?"

"Mwenye alikuwa naitaka kweli. Abdul-Aziz alileta docteur wake, amushike miguu nyuma ya course. Ile docteur angeona fasi sindano iliingia. Nathalie aliposikia vile, alimuambia mwenye alichoma. Mwenye alichoma akalilia baba yake. Na baba yake iko na licence." Ngoy hakuinua sauti. "Kama weye njo unaipata farasi, hakuna docteur mwingine anaigusa. Juu ya ile uliweka dai. Ikakufa, na shida ikabakia ile ile, juu haukumuamini Nathalie na ile muguu. Farasi haukuitakaka, papa. Ulitaka muguu isifunguliwe."

Kyungu akaketi. Tabasamu lilikuwa limeondoka, na uso uliobaki ulikuwa wa mtu mwingine.

"Muguu yenye sindano ya nani?"

"Ya mwenye alikuwa mu parking."

"Thérèse. Ile mutoto umemuona akikomaa."

"Jémima naye iko na maman mwenye alimuona akikomaa. Nimetoka kwake. Na weye ulijua mbele lango lifunguliwe. Ulimuacha ile mutoto apande."

"Docteur wa uwanja alimupitisha!"

"Juu farasi haikuwa nasikia kitu."

Kyungu aliinuka, akaenda moja kwa moja mlangoni, akaufungua wazi, ili makarani wake wasikie.

"Preuve yako, ushahidi, iko mu muguu. Na muguu ni yangu. Leo soir, lori ikifika, inachomwa. Enda ukamuambie mukubwa wako vile." Akapunguza sauti. "Na dimanche usikae karibu na bibi yangu mu kanisa. Kwetu hauko mutoto tena."

Nje, umati ulimiminika kutoka metro na kumpita Ngoy pande zote mbili. Alisimama akajibana ukutani na kupitia upya, kichwani, kile kifungu ambacho kila mtu Shirikishoni alidhani anakijua. Mwili utapasuliwa endapo muuzaji au mdai ataomba. Kwa miaka mingi walikisoma kama muuzaji na mnunuzi, kwa kuwa ndio waliokuwa na sababu ya kulalamika. Lakini hakikusema mnunuzi. Wala hakikusema aliyeshinda kura. Kilisema mdai.

Akampigia Abdul-Aziz.

"Unaweza kuomba apasuliwe," alimwambia. "Uliweka dai kabla ya lango kufunguliwa. Kwa sheria, hiyo inatosha."

"Mimi nimepanga vyumba kwa Nathalie. Nikifanya hivyo, kesho farasi wangu wanalala barabarani."

"Najua."

"Na wewe ndiye uliyenifungia leseni."

"Ndiyo."

"Hata pole huniambii?"

"Ulikuwa na kosa."

Akasikia pumzi ndefu upande wa pili. "Una roho ngumu, wewe mwanamke."

"Jémima hajui kama atasimama tena."

"Usinitajie huyo binti! Mimi ndiye niliyempandisha farasi mara ya kwanza. Hakuweza hata kushika hatamu."

"Ndiyo maana nimekupigia wewe."

Simu ikakatika.

Jioni lori la mizoga lilikuwa limeshaegeshwa mbele ya chumba cha baridi cha Groenhout, mlango wake wa nyuma umefunguliwa. Kyungu alikuja mwenyewe. Alisimama karibu na dereva, mikono mifukoni mwa koti, kama mtu anayesubiri jeneza litolewe. Nyuma yake, gari nyeupe ilikuwa imesimama, na ndani yake mtu aliyeinamisha kichwa juu ya usukani. Nathalie alikuwa ametokea kwenye mazizi, akabaki mbali.

Cécile, daktari wa wanyama wa Shirikisho, alikuwa mlangoni na buti zake za mpira. "Thérèse, sina amri yoyote," alisema. "Wakisema wamchukue, nitawapa."

"Toeni," Kyungu alimwambia dereva.

"Subirini."

Abdul-Aziz alitokea upande wa maegesho, anatembea haraka. Hakumtazama Ngoy. Alisimama mbele ya Cécile.

"Naomba farasi huyu apasuliwe. Mimi ni mdai."

"Ulishindwa kura!" Kyungu akafoka.

"Kura nilishindwa. Kudai, nilidai." Kisha akamgeukia Ngoy. "Sifanyi kwa ajili yako, Inspekta. Tuelewane."

Cécile alimpigia mkurugenzi. Injini ya lori iliendelea kunguruma. Alimsomea kifungu, akasikiliza, akamsomea tena neno moja. Alipokata simu alimpungia dereva mkono. Injini ikazimwa.

"Abdul-Aziz!" Nathalie alipiga kelele kutoka kule alikosimama. "Kesho uwaondoe farasi wako!"

"Nimeshawapakia."

Kyungu alimtazama dereva akifunga mlango wa lori. Akatoa mikono mifukoni. Akapita mbele ya Abdul-Aziz kana kwamba hamwoni, akaja kusimama karibu sana na Ngoy.

"Andika," alisema. "Miye njo nilimuchoma."

"Papa."

"Andika, nasema! Nilikamata dawa mu gari ya Anaïs, yeye hakujua kitu. Nikaingia mu écurie asubuhi, nikamuchoma mu muguu ya kushoto. Njo ile ilivunjika. Umepata muntu yako. Muache mutoto yangu."

Ngoy hakuandika. "Fasi gani ya muguu, papa?"

Kyungu akasita. Akashika kifundo cha mkono wake mwenyewe. "Hapa. Chini kidogo."

"Na farasi ilikaa kimya? Muntu mwenye haijue anaingia na sindano, na inakaa kimya?"

"Ilikaa kimya."

Mlango wa gari nyeupe ukafunguka. Anaïs alikuja bila koti, akijishika kwenye ubavu wa lori kama mtu aliyetoka kitandani baada ya homa. Baba yake akamwona, akanyoosha kiganja kumzuia.

"Rudia mu gari."

"Papa, acha."

"Rudia, Anaïs!"

"Nathalie alisema iko nachechemea mbele," Anaïs alimwambia Ngoy. Alikuwa hamwangalii baba yake. "Alisema course moja tu, halafu atapumzika. Alisema ni kidogo. Nilijua haiko kidogo. Niliipima, nikachoma."

"Ya kushoto," Kyungu akasema. "Ya kushoto, na ni miye..."

"Haikuwa ya kushoto tu, papa." Sasa alimgeukia baba yake. "Nilichoma yote mbili."

Kyungu alibaki na kiganja hewani. Kule mbali Nathalie aligeuka na kuanza kutembea upesi kuelekea mazizi, na Abdul-Aziz, bila kuambiwa, akamfuata.

"Uliniambia ni moja," Kyungu alisema. "Ulilia kwangu, ukaniambia ni moja, na ni kidogo tu."

"Ndiyo."

"Na ile mutoto juu yake."

Baba yake alirudi nyuma hatua moja kutoka kwake, kisha nyingine, mpaka mgongo wake ukagusa lori.

Ngoy akamgeukia Cécile, ambaye alikuwa ameshavaa glavu.

"Anza na mguu wa kulia," alisema. "Ule mzima."